Kimo cha Ukurasa na Upana wa Pambizo: Historia ya Taarifa za Kiserikali Mbeya na Iringa, Kutoka Karatasi ya Ofisi ya Kijerumani hadi PDF

1.0 Utangulizi

Ofisa mipango wa halmashauri anapomaliza kuandaa taarifa ya robo mwaka kwenye kompyuta na kutaka kuigeuza kuwa faili la PDF, kuna mambo mawili ambayo lazima yaamuliwe kwanza: ukubwa wa ukurasa na upana wa pambizo. Mara nyingi mwandaaji haamui lolote, kwa kuwa programu huja na vipimo ilivyopewa na watengenezaji wake, naye huvikubali bila kuvitazama. Matokeo yake hujitokeza baadaye, mahali pengine na mbele ya watu wengine. Safu ya mwisho ya jedwali hukatika, namba ya ukurasa hupotea chini ya karatasi, au tarakimu za kushoto humezwa na uzi wa jalada.

Insha hii inauchukulia uamuzi huo mdogo kuwa na historia ndefu, na inaifuatilia historia hiyo katika Mbeya na Iringa. Hoja yake kuu ina sehemu mbili. Kwanza, kimo na upana wa karatasi iliyotumiwa na ofisi za Nyanda za Juu Kusini viliamuliwa mbali na ofisi hizo katika kila kipindi: Berlin, kisha London, kisha katika jumuiya ya kimataifa ya viwango, na hatimaye katika kampuni za programu za Marekani. Pili, pambizo haikufuata njia hiyo. Upana wake uliamuliwa ofisini, na jalada, na mkono wa mkubwa aliyeandika maoni yake, na mhazili aliyejua karatasi ingefungwa wapi. Kwa hiyo pambizo ndiyo sehemu ya ukurasa ambamo ofisi ya Iringa au Mbeya ilikuwa na kauli yake. Insha inadai kwamba kauli hiyo imo hatarini kupotea pale pambizo inapoachwa kuamuliwa na programu, na kwamba upotevu huo unagusa uwajibikaji wa Serikali za Mitaa, haukomei kwenye mwonekano wa waraka.

Mikoa hii miwili imechaguliwa kwa sababu mbili. Katika kipindi kirefu cha utawala wa Mwingereza yote miwili ilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, ambalo makao yake yalikuwa Mbeya, hivyo taarifa za Iringa na za Mbeya zilipita katika mkondo mmoja. Aidha, Mkoa wa Iringa ndio ulioweka kiwanda kikubwa cha karatasi cha taifa, huko Mgololo wilayani Mufindi. Eneo hili basi linamruhusu mtafiti kuiona karatasi kama chombo cha utawala na pia kama zao la kiwanda.

2.0 Karatasi ya Ofisi ya Kijerumani, 1896–1916

Mji wa Iringa wa sasa ulianza kama boma la kijeshi lililoanzishwa mwaka 1896 na Tom von Prince wakati wa vita dhidi ya Mtwa Mkwawa. Upande wa kusini-magharibi, utawala wa Kijerumani uliendeshwa kutoka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Iringa ilikuwa bado wilaya ya kijeshi, wakati Langenburg ilikuwa chini ya utawala wa kiraia. Licha ya tofauti hiyo, ofisi zote mbili zilikuwa na wajibu mmoja wa kila siku, nao ni kuandika taarifa kwa Dar es Salaam, ambako mambo makubwa yalipelekwa mbele hadi Berlin.

Karatasi rasmi ya ofisi za dola ya Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na upana wa sentimita 21 na kimo cha sentimita 33. Kipimo hicho kiliwekwa ili nyaraka za ofisi mbalimbali ziweze kukaa pamoja katika jalada moja bila kukunjwa. Sambamba nacho kulikuwa na desturi ya zamani ya makarani wa Kijerumani: karatasi ilikunjwa kwa urefu katikati, maandishi yakawekwa katika nusu moja tu, na nusu ya pili ikaachwa tupu. Nusu hiyo tupu ilikuwa ya msomaji. Mkubwa aliandika humo maswali, masahihisho na maagizo, mkabala na sentensi zilizomhusu.

Desturi hiyo ina maana kubwa kwa mwanahistoria. Pambizo ya nusu ukurasa ni matumizi makubwa ya karatasi, hasa katika vituo vya bara vilivyoletewa kila kitu kwa misafara ya wapagazi kutoka pwani. Utawala uliokubali kubeba karatasi kwa miguu hadi Iringa na kisha kuacha nusu yake tupu ulikuwa umeamua kwamba jibu la mkubwa lina uzito sawa na taarifa ya mdogo. Pambizo ilikuwa alama ya ngazi za madaraka, lakini pia ilikuwa ushahidi. Kwa kuwa swali na jibu vilikaa katika karatasi moja, haikuwa rahisi kukana baadaye kwamba jambo fulani lilisomwa. Majalada ya Kijerumani yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam yana thamani kwa watafiti kwa sababu hiyo pia, kwani maandishi ya pembeni huonyesha pale ambapo maofisa walitofautiana.

3.0 Fulskapu, Jalada na Tapureta, 1916–1967

Majeshi ya Uingereza yaliingia Tukuyu na Iringa mwaka 1916. Utawala mpya ulikuja na karatasi yake, fulskapu, iliyokuwa na upana wa inchi 8 na kimo cha inchi 13. Vipimo hivyo vikigeuzwa kuwa vya metriki ni takriban milimita 203 kwa 330. Mabadiliko ya dola kwa hiyo hayakubadilisha sana umbo la waraka, kwani karatasi ya Mwingereza ilikuwa na kimo kilekile cha karatasi ya Mjerumani na ilipungua upana kwa milimita 7 tu. Rafu, makasha na makabati yaliyotosha karatasi ya kwanza yalitosha pia ya pili.

Kilichobadilika ni pambizo. Mfumo wa jalada wa Kiingereza uliyatoa maoni ya mkubwa pembeni mwa taarifa na kuyapeleka katika karatasi yake yenyewe, ile ya madokezo, iliyowekwa ndani ya jalada hilohilo. Kila waraka ulioingia ulipewa namba ya folio, na dokezo lilirejelea namba hiyo. Pambizo ya kushoto ya taarifa ikapungua kutoka nusu ya ukurasa hadi upana uliotosha kutoboa tundu na kupitisha uzi. Hata hivyo haikupoteza kazi yake yote, kwa kuwa msomaji aliendelea kuweka alama ya vema, mstari au swali fupi kando ya aya iliyomgusa.

Sera ya utawala usio wa moja kwa moja, iliyopewa nguvu na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron, iliongeza aina mpya ya waraka. Mamlaka za wenyeji, zikiwemo za Uhehe na za Unyakyusa, zilikuwa na hazina zao, na kila hazina ilihitaji makadirio ya mapato na matumizi. Makadirio hayaandikwi kwa aya. Huandikwa kwa safu, na safu zinahitaji upana. Tangu hapo taarifa ya wilaya ilikuwa na mahitaji mawili yanayokinzana: masimulizi yaliyohitaji kimo, na majedwali yaliyohitaji upana katika karatasi iliyokuwa nyembamba kuliko ile ya Mjerumani.

Mvutano huo ulidhihirika zaidi kwa tapureta. Mashine ya kawaida iliandika herufi 10 katika kila inchi ya mlalo na mistari 6 katika kila inchi ya wima. Karatasi ya fulskapu ilikuwa na nafasi ya herufi 80 kwa upana na mistari 78 kwa kimo. Mhazili aliyeacha inchi moja na nusu kushoto kwa ajili ya jalada, na nusu inchi kulia, alibakiwa na herufi 60 kwa kila mstari. Jedwali lililozidi hapo lililazimu mojawapo ya hatua tatu: kutumia tapureta yenye rola ndefu, kuilaza karatasi, au kugawa jedwali katika kurasa mbili zilizogundishwa. Kila hatua ilikuwa na gharama ya muda, na kila mhazili alilazimika kuhesabu nafasi kabla ya kupiga herufi ya kwanza.

Ustadi huo wa kuhesabu ulifundishwa. Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho baadaye kiliingizwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma, kilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyowaandaa wahazili wa Serikali. Kwa mhazili, pambizo ilikuwa somo lenye kanuni zake. Alijua kwamba stensili ya kurudufisha ilikuwa na mistari ya mpaka iliyochapwa, na kwamba neno lililopigwa nje ya mipaka hiyo halingetokea katika nakala hata moja. Kosa la upana lilionekana papo hapo, kwa mtu yuleyule aliyelifanya, na katika chumba kilekile.

4.0 Kiswahili Ofisini na Karatasi ya Mgololo

Mwaka 1967 Serikali iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Uamuzi huo umejadiliwa sana katika taaluma ya isimujamii, lakini athari yake katika umbo la ukurasa haijapewa nafasi inayostahili. Kiswahili huambatisha nafsi, njeo na urejeshi katika neno moja. Maneno "yaliyokadiriwa" na "yaliyokusanywa", ambayo ni vichwa vya kawaida vya safu katika taarifa ya mapato, yana herufi 14 kila moja. Katika mstari wenye nafasi 60, vichwa vinne tu vya urefu huo hutosha, vikitenganishwa kwa nafasi moja moja. Ofisi iliyokuwa ikiandika majedwali kwa Kiingereza ililazimika ama kufupisha vichwa, ama kuvipanga katika mistari miwili, ama kula pambizo. Ufupisho ulioenea katika taarifa za Kiswahili, pamoja na tabia ya kukata neno katikati ndani ya kichwa cha safu, una chanzo kimojawapo hapa.

Mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972 uliongeza mzigo. Majukumu ya kupanga maendeleo yalihamishiwa mikoani na wilayani, na kwa hiyo ofisi za Mbeya na Iringa ziliandaa mipango na taarifa za utekelezaji kwa wingi kuliko awali. Katika kipindi hichohicho kipimo cha karatasi kilikuwa kikibadilika duniani. Tanzania ilihamia mfumo wa metriki mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1975 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha ISO 216, ambacho karatasi yake ya ofisi ni A4, yenye milimita 210 kwa 297.

Asili ya A4 ina kinaya kwa historia ya Nyanda za Juu Kusini. Kanuni yake ni kwamba kimo kigawanywe kwa upana kitoe kipeuo cha pili cha 2, ili karatasi ikikatwa katikati kila nusu iwe na umbo lilelile la karatasi nzima. Wazo hilo liliandikwa na Georg Christoph Lichtenberg katika barua ya mwaka 1786, na likafanywa kuwa kiwango cha Ujerumani kwa jina la DIN 476 mwaka 1922, kutokana na kazi ya Walter Porstmann. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imekwisha kupoteza koloni lake. Karatasi ya Kijerumani iliyofika Iringa kwa bunduki ilikuwa ile ya sentimita 33, na ile ya A4 ilifika kwa njia ya makubaliano ya kimataifa, katika nchi huru.

Badiliko hilo lilikuwa na faida na hasara zinazopimika. Eneo la fulskapu ni kubwa kuliko la A4 kwa takriban asilimia 7, hivyo A4 hutumia karatasi kidogo zaidi kwa kila ukurasa. Lakini A4 ina mistari 70 tu ya tapureta, pungufu ya mistari 8. Majalada, kwa upande wake, hayakubadilika kwa kasi hiyo. Jalada la kadi lenye kimo cha fulskapu limeendelea kutumika, na karatasi ya A4 ndani yake huacha nafasi tupu ya milimita 33. Kwa sababu hiyo jalada moja la zamani huweza kuwa na fulskapu chini na A4 juu, na mtafiti akaona mwaka wa mabadiliko kwa kutazama ukingo wa karatasi kabla hata ya kusoma tarehe.

Ni katika mazingira hayo ndipo kiwanda cha Southern Paper Mills kilipojengwa Mgololo, kwa mikopo ya nje ikiwemo ya Benki ya Dunia, na kuanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980. Kilikusudiwa kuzalisha tani 60,000 kwa mwaka. Malighafi yake ilikuwa misonobari ya shamba la miti la Sao Hill, na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976, ilikipa njia ya kusafirishia mzigo. Lengo lilikuwa kuiondolea nchi utegemezi wa karatasi ya kigeni, ikiwemo ya kuandikia na kuchapia. Kiwanda kiliyumba na kusimama katika miaka ya 1990, kikabinafsishwa mwanzoni mwa karne ya 21, na chini ya jina la Mufindi Paper Mills kikaelekea zaidi kwenye karatasi za vifungashio.

Funzo la Mgololo kwa insha hii ni mahususi. Hata pale karatasi ilipotengenezwa kwa mti wa Mufindi na kutumiwa na ofisi ya Iringa, kipimo chake hakikuwa cha Mufindi. Kujitegemea kwa malighafi hakukuwa kujitegemea kwa kiwango. Hili si lawama, kwani kiwango cha karatasi hakina faida kama hakishirikiwi na wengine. Ni uthibitisho kwamba kauli ya ofisi ya mkoa ilipaswa kutafutwa kwingine, yaani katika namna ya kuutumia ukurasa.

5.0 Ukurasa Ndani ya Faili

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO 32000. Kusudi lake ni waraka uonekane vilevile katika kila kompyuta. Ili kulifikia, kila ukurasa wa PDF hubeba vipimo vyake wenyewe, kwa kizio cha pointi, ambacho kwa kawaida ni sehemu moja ya 72 ya inchi. Ukurasa wa A4 ni takriban pointi 595 kwa 842. Karatasi ya ofisi ya Marekani, inayojulikana kwa jina la Letter, ni pointi 612 kwa 792. Kwa kuwa programu nyingi za ofisi zimetengenezwa Marekani, kompyuta ambayo haijawekewa mpangilio wa nchi hutoa kurasa za kipimo hicho cha pili, ilhali rimu zinazouzwa Mbeya na Iringa ni za A4.

Tofauti ya karatasi hizo ni ndogo kwa macho. Letter ni pana zaidi kwa takriban milimita 6 na fupi zaidi kwa takriban milimita 18. Printa ikiachwa iupunguze ukurasa ili utoshe upana wa A4, maandishi hupungua hadi takriban asilimia 97 ya ukubwa wake. Ikiamriwa kuchapa kwa ukubwa halisi, milimita hizo 6 hutoka nje ya karatasi, na kwa kuwa printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa, pambizo iliyokuwa finyu inaweza kupotea pamoja na herufi za pembeni.

Jambo la msingi zaidi ni kwamba pambizo haihifadhiwi ndani ya PDF kama kipimo kinachoweza kurekebishwa. Programu ya uandishi huijua pambizo. PDF inajua tu mahali ilipo kila herufi, na nafasi isiyo na herufi ni utupu. Anayepokea faili hawezi kuongeza pambizo ya kushoto bila kuupunguza au kuusogeza ukurasa mzima. Kwa maana hiyo PDF inafanana na karatasi iliyopigwa chapa kuliko inavyofanana na faili la kompyuta linaloharirika. Uamuzi wa pambizo ni wa mtu wa kwanza, naye ndiye asiyeona matokeo yake. Hapo ndipo ilipo tofauti na enzi ya stensili, kwani kosa lililokuwa likionekana katika chumba kilekile sasa huonekana makao makuu ya mkoa, au kijijini.

Taarifa za halmashauri huleta ugumu wa pekee kwa sababu ni za majedwali. Mkoa wa Mbeya una halmashauri 7 na Iringa 5, na kila moja hutoa taarifa za mapato, matumizi na miradi zenye safu nyingi. Mfumo wa kupanga na kutolea taarifa wa PlanRep, ulioboreshwa na kuwekwa mtandaoni mwaka 2017, pamoja na lahajedwali za kawaida, humruhusu mwandaaji kuongeza safu bila kikomo kwenye skrini. Skrini haina upana wa mwisho, karatasi inao. Mwandaaji anayeamuru jedwali lote liingie katika ukurasa mmoja wa A4 hapati onyo lolote kwamba herufi zimekuwa ndogo mno kusomeka. Jedwali lililoandaliwa kwa A3 kwa herufi za pointi 11, likipunguzwa hadi A4, huwa na herufi zisizofika pointi 8.

Suluhisho la kawaida ni kuulaza ukurasa, na hapa ndipo ujuzi wa mhazili wa zamani unapokosekana zaidi. Karatasi iliyolazwa inapofungwa ndani ya jalada la wima huzungushwa, na ukingo wake wa juu ndio unaokwenda kwenye uzi. Pambizo pana basi inatakiwa iwe juu ya jedwali. Mwandaaji anayeacha milimita 40 kushoto na milimita 15 juu, kwa kudhani kwamba jalada hufungwa kushoto siku zote, huweka kichwa cha jedwali mahali pa tundu. Kwa A4 ya wima yenye pambizo ya milimita 40 kushoto na 25 kulia, maandishi hupata upana wa milimita 145. Kwa A4 iliyolazwa yenye milimita 40 juu na 20 katika kingo nyingine, jedwali hupata upana wa milimita 257 na kimo cha 150. Hesabu hiyo inapaswa kutangulia jedwali, kama ilivyotangulia wakati wa tapureta.

6.0 Pambizo na Uwajibikaji

Inaweza kudaiwa kwamba masuala haya yanakaribia mwisho wake, kwa kuwa Serikali inahamia ofisi mtandao na karatasi inapungua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua kumbukumbu ya kielektroniki, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeimarisha mwelekeo huo. Hoja hiyo ina ukweli kwa ngazi za juu. Haina ukweli kwa mwisho wa mkondo wa taarifa, yaani kijijini na mtaani.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni ajenda yake ya msingi. Taarifa hiyo husomwa kwa sauti na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ofisi ya mtendaji wa kijiji hutunza kumbukumbu zake katika kaunta buku, lakini fedha zinazotoka halmashauri huja na maelezo yaliyoandaliwa kwa kompyuta na kuchapwa. Mwananchi wa Kilolo au Busokelo anayesimama mbele ya ubao hana kitufe cha kukuza maandishi. Kama safu ya "zilizotumika" imekatika kwa sababu ya ukurasa kuwekwa katika kipimo kisicho cha rimu iliyopo, taarifa imebandikwa kisheria lakini haijatolewa. Hakuna aliyeficha kitu, wala hakuna wa kuulizwa. Hilo ndilo linaloufanya mpangilio wa ukurasa kuwa suala la utawala bora, kwamba unaweza kuondoa tarakimu bila mtu yeyote kuamua kuiondoa.

Upande wa pili ni wa kumbukumbu. Katika jalada la Kijerumani, hoja na jibu vilikaa katika karatasi moja. Katika jalada la Kiingereza, vilikaa katika karatasi mbili ndani ya jalada moja. Katika mfumo wa sasa, taarifa ni PDF moja, na dokezo la mkubwa ni kumbukumbu nyingine ndani ya mfumo mwingine, au ni ujumbe wa simu usioingia masijala kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazitaka taasisi za umma kutunza kumbukumbu zao, na kiwango cha PDF/A, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2005, kinalenga kuhakikisha faili linasomeka baada ya miaka mingi. Vyote viwili vinailinda taarifa. Vyenyewe havihakikishi kwamba taarifa na maoni juu yake vitabaki pamoja. Mwanahistoria wa mwaka 2080 atakayesoma taarifa za Iringa za miaka hii anaweza kukuta kurasa safi zisizo na doa, asijue ni aya ipi ilitiliwa shaka na nani.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba ofisi za Mbeya na Iringa zilipokea ukubwa wa karatasi kutoka kwa wengine katika vipindi vyote, hata pale karatasi yenyewe ilipotengenezwa Mufindi. Imeonyesha pia kwamba pambizo ilikuwa na kazi tatu: kulinda maandishi dhidi ya uzi wa jalada, kumpa msomaji mahali pa kujibu, na kuhifadhi ushahidi wa jibu hilo. Kazi ya kwanza imebaki lakini ujuzi wake umedhoofika. Kazi ya pili na ya tatu zimehamia katika mifumo mingine, na hakuna uhakika kwamba mifumo hiyo inazifanya.

Yapo mambo matatu yanayofuata kutokana na matokeo hayo. La kwanza ni kwamba halmashauri ziwe na kiolezo kimoja cha taarifa, kilichowekwa A4 na pambizo za jalada kwa kurasa za wima na za kulala, ili uamuzi ufanywe mara moja na mtu anayejua jalada. La pili ni kwamba taarifa ya kubandikwa kijijini iandaliwe kama waraka wake wenyewe, yenye safu chache na herufi kubwa, badala ya kupunguzwa kutoka jedwali la mkoa. La tatu ni kwamba dokezo linalohusu taarifa lihifadhiwe pamoja na taarifa hiyo, kwa namba inayoziunganisha, kama folio ilivyofanya. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji teknolojia mpya. Yote matatu yalikuwa yakifanywa na wahazili na makarani wa masijala, kwa rula na tapureta, kabla kompyuta ya kwanza haijafika katika ofisi hizo.